Kizazi kimeshuka, nimepewa mazoezi ila sijui kama napatia. Naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina watoto watano, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tangu uzazi wa mwisho nasikia uzito huku chini, hasa jioni. Nikichuchumaa kuanua dagaa ni kama kitu kinataka kutoka. Nilipopimwa nikaambiwa kizazi kimeshuka daraja la pili, nisikimbilie upasuaji, nianze mazoezi ya misuli ya nyonga: nabana kama anayezuia mkojo na ushuzi (samahanini), nahesabu hadi kumi, naachia. Mara kumi, kutwa mara tatu, kwa miezi minne hivi. Tena nibane kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo.

Shida, kila nikibana tumbo linakaza na pumzi inakata, na ndivyo nilivyokatazwa. Aliyenielekeza alinipa dakika tano tu, foleni ilikuwa ndefu. Mama mkwe anataka nikakandwe tumbo, mimi sitaki kabisa.

Mliopitia haya, mlijuaje mnabana penyewe? Hapa mjini nitampata wapi mtaalamu wa mazoezi tiba, ikiwezekana mwanamke? Na ile pete ya kuvaa ukeni ili kushikilia kizazi, mtu anabeba mzigo akiwa nayo?