Tupeane uzoefu: nadhiri uliyomwekea Mungu, ukakawia kuiondoa

Seremala wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa.

Mhubiri 5 wengi tunaijua: ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, yaani usiitimize. Mimi neno linalonishika ni lile linalotangulia hapo, usikawie. Maana wengi wetu hatukatai kulipa. Tunakawia tu. Kwa hiyo naomba tusilete hapa hadithi za "fulani hakutimiza, akapata ajali". Hizo tumezisikia za kutosha, na zimewatia watu hofu bila kuwatoa walipokwama. Tuambie kule kukawia kulikufanya nini, na ulitokaje. Naanza mimi.

Mwaka 2015 tulikuwa tunakaa Shika Adabu, hapa Mombasa, ng'ambo ya Likoni. Mwanangu wa pili, wa miaka minne, alishikwa na homa jioni, na kufika saa saba usiku ikawa degedege. Tukakodi tuktuk hadi kivukoni. Ndani ya feri mama mmoja tusiyemjua alimpisha mke wangu akae juu ya kreti yake ya soda, mtoto amelala mapajani, kitambaa cha maji kipajini kimeshakauka. Tulipofika katikati ya mkondo nilishika chuma cha ukingo, kimelowa umande wa chumvi, nikasema kwa sauti hadi mke wangu akasikia: "Bwana, ukinirudishia huyu, nitaliezeka kanisa lako." Kanisa letu lilikuwa la makuti yaliyochoka. Mimi ni seremala, hesabu ya paa lile nilikuwa nayo kichwani: mabati sitini.

Ilikuwa malaria, imeshapanda kichwani. Siku ya tisa tukarudi naye nyumbani akiwa anatembea.

Kisha ikaja bili. Baada ya bili karo, baada ya karo tukahamia Mikindani. Masika ya mwaka uliofuata makuti yalivuja, akina mama wakawa wanapanga mabeseni katikati ya viti. Nilikaa hapo nikisikiliza matone wakati wa mahubiri, na hakuna aliyejua isipokuwa mke wangu, ambaye hakusema kitu. Baadaye nikaanza kusema feri inachukua muda, heri tusali karibu na nyumbani. Ukweli ni kwamba nilikuwa kama mtu anayedaiwa dukani, anabadilisha hata njia asipite mbele ya duka lile. Na maombi yangu yalikauka. Kutubu mengine niliweza. Lakini nikitaka kuomba jambo jipya, naona kile chuma cha feri, nasema amina haraka.

Aliyekuwa akiniuliza waziwazi ni mwenye nyumba wetu wa Shika Adabu, Bi mkubwa, Mwislamu. Akipiga simu husalimia, kisha: "Mtoto hajambo? Na ile nadhiri?" Hakuwa na ukali. Kwao pia nadhiri ni deni, na mtu akishindwa ana kafara ya kutoa. Aliona ajabu kwamba mimi nalala usingizi.

Mwaka 2019 nilipata kazi kubwa ya milango. Pesa ilipoingia nikavuka feri siku hiyohiyo. Kufika, kanisa lina paa. Mabati mapya, yamekwisha pigiliwa, yanang'aa. Washirika walichanga, wajane wakiwemo. Nilisimama nje pale kwenye mwarobaini, miguu haitaki kuingia.

Mchungaji hakunigombeza. Aliniambia kanisa halinidai, ila mimi na Mungu tunajua nilisema nini. Nikaomba nionyeshwe palipobaki wazi. Lilikuwepo darasa la chekechea, kuta bila paa. Usiku ule nilisoma Walawi 27, pale ambapo mtu akitaka kukikomboa alichokiweka wakfu anaongeza sehemu ya tano juu yake. Najua hatuko chini ya torati, na hakuna aliyeniagiza. Lakini nilinunua sitini na kumi na mbili. Nilizipiga mwenyewe Jumamosi tatu, na aliyekuwa ananipitishia misumari ni yule mtoto wa kwenye feri, sasa wa miaka minane. Jumamosi ya pili ndipo nilimsimulia ule usiku. Miaka minne sikuwahi kumsimulia, kwa sababu hadithi ya kupona kwake ilikuwa imefungwa pamoja na deni langu.

Karibuni.

Mama wa Kongowea

Ndugu seremala, umenigusa penye donda. Mimi nauza nyanya na vitunguu sokoni. Yangu haikuwa nadhiri ya usiku, ilikuwa ya mchana kweupe. Siku ya harambee ya kanisa mhubiri mgeni alishika kipaza sauti akasema wa elfu hamsini wasimame, Mungu amemwonyesha wako saba. Wakasimama sita. Akangoja. Kinanda kinapigwa polepole. Nikasimama mimi. Sikuwa na hata elfu tano ndani ya nyumba.

Wiki tatu baadaye mwekahazina akaanza kusoma majina ya wenye ahadi baada ya matangazo. La kwangu lilisomwa mara mbili. Mara ya tatu sikuwepo, na sijarudi tangu Februari. Jumapili natandaza meza sokoni kama siku nyingine. Naomba mniambie, ile ni nadhiri kweli au nilisukumwa?

Mzee wa Kanisa, Changamwe

Mama, shikamoo kwanza kama umenizidi. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kanisa miaka kumi na moja, na ninayoyasema nayasema kwa majuto, kwa sababu mimi pia nimewahi kusoma majina.

Matendo 5 tunaitumia kuwatisha watu, lakini tunaruka maneno ya Petro mwenyewe kwa Anania, yule aliyeficha sehemu ya fedha akaanguka akafa: shamba lilikuwa lako, na hata baada ya kuuza, fedha zilikuwa katika uwezo wako. Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake lilikuwa uongo. Na ile Walawi 27 aliyoitaja ndugu yetu, msitari wa 8 unamtaja mtu aliye maskini asiyeweza kufikia makadirio: aletwe mbele ya kuhani, naye atamkadiria kulingana na uwezo wake. Mungu mwenyewe aliweka mlango wa maskini ndani ya sheria ya nadhiri. Sisi tumeufunga huo mlango tukaacha kipaza sauti.

Nenda kwa mchungaji wako, siyo kwa yule mgeni. Mwambie uwezo wako.

Seremala wa Mikindani

Mzee, nakubaliana na sehemu kubwa. Ila mama asitoke hapa akidhani hakusema kitu. Alisimama, alitamka mbele za Mungu. Yule mhubiri mgeni atajibu kwa alichofanya, na mama naye ana neno lake. Kadirio likishuka, basi hicho kilichoshuka kiondolewe.

Mzee wa Kanisa, Changamwe

Sawa kabisa.

Binti wa Bamburi

Shalom. Yangu inanitia aibu lakini hapa hamnijui. Nikiwa na miaka kumi na saba, kwenye kesha la vijana, tuliambiwa tumtolee Bwana kitu cha thamani. Wenzangu walitoa simu, viatu. Mimi nikasema sitaolewa maisha yangu yote, nitamtumikia. Nililia sana, nilimaanisha. Sasa nina miaka ishirini na tisa, nampenda mtu, amekwisha kuleta wazee nyumbani. Kila wakitaja tarehe ya harusi nafsi yangu inasinyaa. Ninamfikiria yule binti wa Yeftha katika Waamuzi 11, aliyetolewa kwa nadhiri ya babake. Sijamwambia mtu, hata mama.

Niliyekuwa Sista

Mdogo wangu, pole. Ngoja nikueleze kutoka upande ninaoujua.

Mimi niliishi utawani. Unovisi peke yake ni mwaka mzima au zaidi, hujafunga nadhiri yoyote, unapimwa na unajipima. Kisha nadhiri za muda: ufukara, useja mtakatifu na utii. Kwetu Wakatoliki hizo huwekwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, na kwa kawaida hauzidi sita, ndipo mtu afikie za daima. Unaona Kanisa linavyoogopa haraka? Hiyo miaka yote ni kwa ajili ya jambo ambalo wewe uliambiwa uliamue usiku mmoja, saa tisa, kabla hujafika umri wa mtu mzima.

Mimi muda wangu wa nadhiri ulipokwisha sikuongeza. Nilisali, nikazungumza na mama mkubwa, nikaondoka kwa baraka. Nadhiri ilikuwa ya miaka mitatu na niliishika miaka mitatu, siku kwa siku. Lakini nyumbani kwetu hadi leo wapo wanaosema nilivunja nadhiri. Nilibeba maneno hayo hadi nikaanza kuyaamini. Aliyenitoa ni padre mzee aliyeniuliza: "Ulimwahidi nini Mungu? Sema maneno yenyewe." Nilipoyasema, nikasikia kwa masikio yangu kwamba niliyatimiza.

Kwa hiyo na wewe, andika maneno yenyewe uliyoyasema. Kisha uende kwa mchungaji wako. Kwetu sheria ya Kanisa inasema nadhiri ni ahadi ya makusudi na huru, na iliyowekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki haina nguvu. Hata ile halali, paroko anaweza kuifungua kwa sababu ya haki. Kwa Waprotestanti sijui mnafanyaje, lakini usiende madhabahuni na siri hii tumboni.

Mzee wa Kanisa, Changamwe

Naongeza kidogo. Hesabu 30 inasema binti aliye bado nyumbani kwa babake akiweka nadhiri, baba akasikia akaikataza siku hiyo, haisimami, na Bwana atamsamehe. Mungu alijua vijana huahidi kwa moto. Wewe hukupewa mtu wa kusikia. Basi mpe mchungaji wako nafasi hiyo, na yule kaka naye ajue kabla ya mahari kupokewa. Na Yeftha hakuna mahali Mungu alipomwagiza aseme yale. Alisema mwenyewe.

Mwana wa Mtongwe

Yangu ni fupi. Baba alikuwa akivuka kwa feri ya Mtongwe kila asubuhi kwenda kazini kisiwani. Tarehe 29 Aprili 1994 alichelewa kwa sababu alilewa usiku, na feri ile ndiyo iliyozama. Watu 272. Majirani zetu walikuwemo. Baba alisimama ufukweni akisaidia kuvuta miili, akaapa hatagusa tembo tena. Alirudia kunywa mara tatu nakumbuka, na kila mara alitoka nyumbani akaenda kuketi ufukweni mahali palepale, akaanza upya. Kuanzia 2001 hakunywa tena, hadi tulipomzika. Wengine hapo juu mmeongea kama nadhiri ikivunjika imekwisha. Baba yangu hakuiacha ilale chini.

Mke wa Tudor

Nimesoma yote tangu jana. Nilidhani sina la kusema kwa sababu mimi sikuweka nadhiri ya peke yangu. Niliweka ile ya kila mtu. Katika raha na taabu, katika ugonjwa na afya. Nilivaa gauni, nikasema, tukala pilau.

Mume wangu alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, anageuzwa ili asipate vidonda. Nimejifunza kuingiza mkono chini ya bega, goti langu juu ya kitanda, nivute kwa shuka siyo kwa ngozi yake. Visigino nampaka mafuta ya nazi. Mwezi wa Machi joto la Mombasa hamlijui nyinyi mnaolala na mtu mzima wa afya. Shuka linalowa kabla sijamaliza kulitandika.

Kukawia kwangu kulikuwa hivi. Mwaka wa kwanza nilimhudumia kwa mikono tu. Nilimlisha, nilimwosha, na sikumtazama usoni. Dada zangu walikuwa wakiniambia bado u kijana, Mungu anaelewa. Sikuondoka, lakini nilikuwa nimeondoka. Siku moja namgeuza, mkono wake wa kushoto ukanishika kifundo cha mkono, ukakaza. Alikuwa analia bila sauti. Nikatambua mwaka mzima sijamwita jina lake. Nilikuwa nasema "mgonjwa". Mgonjwa amekula, mgonjwa amelala.

Nilikaa pale kitandani nikamwita jina. Nikayasema tena yale maneno ya kanisani, kama ninavyoyakumbuka, pasipo shahidi. Kwangu mimi siku ile ndiyo niliyoolewa. Bado nachoka, na yapo majira nachukia. Lakini jina lake nalisema.

Binti wa Bamburi

Mama wa Tudor, nimelia. Nimemwambia mchumba wangu jana usiku, tukiwa pale ufukwe wa Jomo Kenyatta, tumeketi mchangani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema twende wote kwa mchungaji. Alhamisi saa kumi.

Seremala wa Mikindani

Alhamisi saa kumi nitakuwa karakanani, nitazima randa nikuombee. Tupe habari. Mama wa Kongowea uko wapi?

Mama wa Kongowea

Nipo, marahaba mzee wa Changamwe, nimekuzidi kweli. Nilikwenda Jumanne baada ya kufunga meza. Mchungaji alinisikiliza hadi mwisho, akaomba msamaha kwa ajili ya yale majina. Akaniuliza kwa wiki nabaki na nini baada ya chakula na kodi ya meza. Tukapiga hesabu kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada. Tumekubaliana mia mbili kila Jumamosi kwa mwaka mmoja, na hiyo ndiyo ahadi yangu, zile hamsini zimefutwa kwa maandishi yake mwenyewe. Nimetoa mia mbili ya kwanza palepale, zilikuwa ndani ya leso zimefungwa, zina harufu ya vitunguu. Jumapili hii sitandazi meza.