Chenga kwenye renda za ndani: sampuli, dinoiza au mwanga?

FundiNakshi
Habari za kazi wakuu. Narenda sebule (nageuza modeli ya 3D kuwa picha) kwa Blender, programu ya 3D, kwa injini yake ya kurenda iitwayo Cycles. Dirisha ni moja dogo lenye kioo, kuna mkeka wa ukindu na mlango wa nakshi. Kwa sampuli 256 (miale kwa kila pikseli) kuta zimejaa chenga kama TV isiyoshika stesheni. Nimepandisha hadi 1024, chenga zimepungua nusu tu huku muda umekuwa mara nne. Nikiwasha dinoiza, kifaa cha programu cha kufuta chenga, picha inatulia, ila nakshi zinayeyuka kama sabuni. Mteja anauza milango, kwa hiyo nakshi ndiyo biashara yenyewe. Nishike njia ipi?

Mwale_Mmoja
Mkuu, mashine yako haina kosa. Cycles inakadiria mwanga kwa kurusha miale ya kubahatisha, na chenga hushuka kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Unataka nusu, zidisha mara nne. Unataka robo, mara kumi na sita, yaani kutoka 256 hadi 4096. Kwa sampuli peke yake utapata picha ya kweli kabisa, lakini utakesha. Angalau tumia kizingiti cha chenga, kipo tangu toleo la 2.83: sehemu zilizokwisha kutulia zinaachwa, kazi inabaki kwenye kona ngumu.

Bi_Pikseli
Dinoiza msiihukumu kabla ya kuilisha vizuri. Ziko mbili, OptiX ya NVIDIA na OpenImageDenoise ya Intel, OpenImageDenoise iliingia kwenye Blender 2.81 mwaka 2019, OptiX ikafuata kwenye 2.82 mwaka 2020. OptiX ina kasi na inataka kadi ya NVIDIA. Mimi naiachia kazi ya kuchungulia wakati napanga vitu. Picha ya mwisho naipeleka OpenImageDenoise, kwa macho yangu inatunza mistari midogo vizuri zaidi. Tangu 4.1 nayo inaweza kutumia kadi ya picha. FundiNakshi, hakikisha umeipa albido (rangi halisi ya vitu) na nomali (uelekeo wa nyuso zake). Bila hizo haijui kama ule mchirizi ni nakshi au ni chenga, inafuta vyote.

Mwale_Mmoja
Kwa picha moja nakubali. Kwa video, hapana. Dinoiza inasafisha kila fremu kivyake, kwa hiyo madoa ya ukutani yanahamahama na ukuta unaonekana unachemka.

TaaKwanza
Wakuu, mbona hakuna aliyeuliza kuhusu kile kioo? Chenga nyingi zinaanzia hapo. Mwanga ukipita kwenye kioo halisi, Cycles inauhesabu kama kostiki (mwanga uliopindishwa au kuakisiwa na kioo au chuma), na miale ya kubahatisha huupata kwa shida sana. Ukizima kostiki, chumba kinaingia giza. Ondoa kioo kabisa, au changanya shada yake (mpangilio wa jinsi kinavyopokea mwanga) ili miale ya kivuli ikione kama kitu kinachopitisha mwanga tu. Halafu weka taa bapa kwenye uwazi wa dirisha na uifanye potali. Potali haiongezi mwanga, inaielekeza Cycles mwanga wa anga unaingilia wapi. Chumba chenye dirisha moja kitatulia kuliko ukimwaga sampuli mara nne. Dinoiza iwe ya mwisho, baada ya hapo.

FundiNakshi
Nimerudi. Nimetoa kioo, nimeweka potali, sampuli 1024, OpenImageDenoise na albido na nomali. Maua ya mlango yamebaki yote, hata mnyororo wa pembeni unahesabika! Ukindu umelainika kidogo, nauvumilia. Kimebaki kimulimuli kimoja cheupe (doa kali la mwanga) ukutani, karibu na kitasa cha shaba.

TaaKwanza
Shaba yako imeng'aa kama kioo cha kujitazamia, ndiyo inayokitupa. Ongeza ukwaruzo wake kidogo. Kikikataa, shusha klampu (kikomo cha ukali) ya mwanga wa kudunda kutoka 10 hadi 5, usishuke zaidi kwa pupa, kuta zitafifia.

FundiNakshi
Ukwaruzo 0.15 umetosha. Klampu sijaigusa.