Watafiti wa ukuaji wa watoto, kwa nini mmewafuta watoto wa msimu wa korosho?

Wakuu, nimeisoma ripoti ya utafiti uliofuatilia watoto wa vijijini kwetu Mtwara tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, na nimekasirika sana. Mimi ni mmoja wa waliobeba mizani na ubao wa kupimia urefu kijiji kwa kijiji. Hizo takwimu najua zilikotoka.

Wamemfuta kila mtoto aliyekosa hata kipimo kimoja! Korosho zikianza kudondoka, kuanzia Oktoba, mama anahamia shambani na mwanawe. Akirudi anamleta kupimwa kama kawaida. Kwenye ripoti mtoto huyo hayumo. Waliobaki wengi ni wa kando ya barabara, wazazi wana duka au mshahara, halafu mnaandika "watoto wa Mtwara wanakua vizuri". Watoto gani hao?

Wala hapakuwa na haja. Tangu 1982 wanatakwimu Laird na Ware walionyesha namna ya kumpa kila mtoto mstari wake, yaani alipoanzia na kasi yake mwenyewe, ndani ya mwendo wa kundi zima. Aliyepimwa mara tatu anaingia, wa mara nane anaingia, na tarehe si lazima zilingane. Programu ya takwimu iitwayo R inaifanya kazi hiyo bure. Kama mtoto alikosa kwa sababu alikuwa anadhoofika na hakuna kipimo kilichoonyesha, hapo hata njia hii inaweza kupotosha, ila angalau mseme.

Waliobaki nao wamechorewa mstari ulionyooka. Mtoto huongezeka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza, na wa pili kama nusu ya hapo. Huo unyoofu mmeutoa wapi?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Chini ya miaka miwili tuliwapima wamelala, baada ya hapo wamesimama. Kipimo cha kulala huzidi kwa takriban sentimita 0.7, na viwango vya WHO vya 2006 vimeeleza namna ya kurekebisha. Hawakurekebisha. Basi kwenye wastani wao watoto wanaonekana kama wamegoma kukua wakifika miezi 24, na aya nzima inawalaumu akina mama kwa uji wanaowapa watoto!

Ripoti hii inapelekwa halmashauri kupangia bajeti ya lishe. Wataalamu wa takwimu mliomo humu, tuandike barua uchambuzi urudiwe kabla ya hapo. Vipimo vyote vipo, kila mtoto na tarehe zake. Nani yuko tayari?