Maji ya Kayabwe: je, ni Dunia inayoyazungusha?

Msafiri wa Masaka:
Ndugu zangu, pale Kayabwe, ambapo barabara ya Kampala kwenda Masaka inakata ikweta, waongozaji humimina maji katika karai lenye tundu na kuwaonyesha wageni kwamba upande wa kaskazini maji huzunguka kinyume na upande wa kusini. Je, hatua chache zinatosha kubadili mwelekeo?

Mwalimu wa Fizikia, Mbarara:
Hazitoshi. Kani ya Coriolis, yaani msukumo wa kando unaotokana na Dunia kujizungusha, iliyopewa jina la Mfaransa aliyeichambua mwaka 1835, ndiyo inayovipa vimbunga vikubwa mzunguko wao, lakini mita chache kutoka ikweta ni ndogo mno, kiasi kwamba namna mtu anavyomimina maji huishinda kabisa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, aliionyesha katika tangi lenye kipenyo cha takriban mita 1.8, ila alilazimika kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kuzibua tundu.

Fundi wa Jinja:
Mwombe mwongozaji, kwa heshima, amimine kutoka ukingo wa pili wa karai, uone kama mwelekeo utageuka. (Ada ulipe tu, mchezo wenyewe unapendeza.)

Msafiri wa Masaka:
Ahsante, Mwalimu. Basi ushahidi wa macho una thamani gani?

Mwalimu wa Fizikia, Mbarara:
Unayo, mradi mtazamaji ajue ni kipi kilichobadilishwa. Hapa hubadilika mahali na pia mkono unaomimina, na jaribio lisilotenganisha mambo hayo mawili haliwezi kutuambia lipi ndilo sababu.