Naomba ushauri: bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi) za kuanzia kwenye baa ya mgahawa, Mbeya

Habari za jioni wakuu. Nimenunua mgahawa wenye baa hapa Mafiati. Kaunta nimeikuta na Jack Daniel's tu, wateja wanaiita bourbon (yenyewe hujiita wiski ya Tennessee, tuyaache). Nimeongeza Jim Beam ya toti za kila siku, Maker's Mark kwa wapenda ulaini wa ngano, na Wild Turkey 101, kilevi asilimia 50.5, ladha yake haizimwi na barafu.

Kichwa kinaniuma kwa ya nne niliyoijaribu, Woodford Reserve, bourbon ya bei. Chupa ya mililita 750 ni toti 25 za mililita 30, lakini inatoka polepole; ikibaki theluthi, hewa inaua harufu. Nilihamishia kwenye kichupa kidogo, mteja akaona hakina lebo, akahisi imechakachuliwa.

Je, niendelee na hiyo ya nne au nibaki na zile tatu nilizoongeza? Na za bei mnaziuzaje zisilale?