Dizaini za aplike kwa cherehani ya kudarizi: ukingo wa satini, zigizagi au mstari mnyoofu?

UziWaSamawati

Wakuu, habari zenu. Naomba tulinganishe kitu hapa.

Nina kazi tatu mezani: fulana za watoto, taulo za kuogea na foronya za mito ya kukalia. Zote nataka kuzipamba kwa aplike, yaani kushonea juu yake vipande vya kitambaa kingine, na pambo liwe moja, tembo aliyesimama ubavu, ili vitu viwe seti. Nimepata dizaini tatu za tembo huyo. Kwenye picha zote zinavutia, na hapo ndipo ninapokwama.

Ya kwanza ina ukingo wa satini, ile mishono iliyobanana mpaka inafunika kitambaa, wa upana wa milimita 4, na tembo ana vipande vitano vya kitambaa: mwili, sikio, mkonga, mkia na tandiko la mgongoni. Ya pili ni vipande viwili tu, mwili na sikio, na ukingo wake ni zigizagi iliyoachana. Ya tatu nayo ni vipande viwili, lakini ukingo haufunikwi: ni mstari mnyoofu unaopita mara mbili kama mchoro wa kalamu, na kitambaa kinabaki wazi pembeni. Kila moja inakuja kwa fremu (ile inayobana kitambaa kwenye cherehani) ya milimita 100 kwa 100 na ya 130 kwa 180. Cherehani yangu ni ya sindano moja.

Mngechukua ipi? Na je, kuna inayoweza kubeba kazi zote tatu?

FundiKingo

Satini, na sina shaka. Taulo na nguo za watoto zinafuliwa mfululizo, zinasuguliwa, zinakamuliwa. Ukingo uliokatwa kwa mkasi ukiachwa wazi utatoa nyuzi tu. Satini inaufungia ndani kabisa.

Upana wa milimita 4 ni mzuri. Ukishuka chini ya 3, lazima ukate kitambaa karibu mno na mshono wa kushikiza, na mahali popote mkasi ulipobakiza kidogo, nyuzi zitachungulia nje ya satini. Kabla ya kulipia angalia pia kama satini ina mishono ya msingi chini yake. Ile mishono michache inayotangulia ndiyo inayoishikilia satini isilale upande mmoja na kuteleza nje ya ukingo.

NyuziArobaini

Mkuu FundiKingo, kwa taulo niko nawe. Kwa fulana sikubaliani kabisa, na nitaeleza kwa hesabu.

Chukua mraba wa sentimita 10. Ukiujaza wote kwa uzi, mistari ikiachana milimita 0.4 na kila mshono ukiwa na urefu wa milimita 4, unapata mistari 250 yenye mishono 25 kila mmoja. Hiyo ni mishono 6,250. Ukiufanya aplike, unazunguka ukingo tu, milimita 400. Satini yenye nafasi ileile ya 0.4, sindano ikienda na kurudi, inakula mishono kama 2,000 kwenye mzunguko huo. Zigizagi ambayo ncha zake zinaachana milimita 2 inakula 400. Mstari mnyoofu wa kupita mara mbili, kila mshono milimita 2.5, unakula 320.

Sasa fikiria hiyo mishono 2,000 ikiwa imebanana kwenye utepe wa milimita 4, juu ya kitambaa cha fulana kinachovutika. Fulana inanyooka pande zote, utepe haunyooki. Matokeo yake kitambaa kinakunjamana kuzunguka pambo, na kifuani mwa mtoto panakuwa na duara gumu. Na dizaini ya kwanza ina vipande vitano, maana yake kuna mahali ambapo satini mbili zinapandana, sikio juu ya mwili na tandiko juu ya mwili. Hapo ugumu ni maradufu.

Fulana ichukue ya pili. Stifu, yaani kile kitambaa cha kutia nguvu chini ya darizi, iwe ile ya kukatwa kwa mkasi, inayobaki nyuma ya pambo maisha yote. Ile ya kuchanwa inaisha nguvu baada ya kufuliwa, na fulana inahitaji kushikwa siku zote. Sindano iwe ya saizi 75/11 yenye ncha ya mviringo, ili ipite katikati ya nyuzi za fulana bila kuzikata.

BiMdarizi

Wanangu, mnabishana ukingo kabla hatujaitazama dizaini yenyewe. UziWaSamawati, picha ya matangazo iweke kando. Fungua karatasi ya maelekezo inayokuja na faili, ile inayoorodhesha hatua kwa rangi, uisome taratibu. Dizaini ya aplike iliyochorwa vizuri ina hatua tatu kwa kila kipande. Kwanza mstari wa alama, unaokuonyesha kitambaa kikae wapi. Pili mstari wa kushikiza, unaokibana kitambaa mahali pake. Hapo unaitoa fremu kwenye cherehani, unailaza mezani na kukata ziada, kitambaa kikiwa bado kimefungwa ndani ya fremu. Tatu ni ukingo. Ukiona kipande kinaruka kutoka alama moja kwa moja hadi ukingo, dizaini hiyo imetengenezwa kwa watu wanaokata vipande vyao kabla, na kama huna kiolezo utapata shida.

Kisha hesabu ni mara ngapi utasimama kukata. Vipande vitano ni kusimama mara tano, kwa kila taulo. Kwa zawadi moja ni raha. Kwa rundo la oda, mikono itakuambia.

Halafu tazama umbo. Mimi ningeuliza kwanza habari za huo mkia. Kwenye saizi ya 100 kwa 100, mkia wa tembo ni kipande chembamba kuliko kidole. Satini ya milimita 4 upande huu na 4 upande ule, kitambaa chenyewe kitaonekana wapi? Umekata, umehangaika, na mwisho wake umedarizi uzi mtupu. Mchoraji mwenye busara mkia angeufanya wa uzi tangu mwanzo na kitambaa akakiachia mwili na sikio. Dizaini ya pili na ya tatu zimefanya hivyo, na kwangu hiyo ni alama kwamba aliyezichora amewahi kushika mkasi.

Kona nazo. Sikio la mviringo satini inalizunguka vizuri. Mahali penye ncha kali, kama kona za tandiko, tazama picha kwa ukaribu uone kama mishono imekatana kwa mshazari au imerundikana. Ikirundikana, sindano itapiga palepale mara nyingi hadi uzi ukatike.

UziWaSamawati

Shikamoo Bi Mdarizi, asante sana. Nimefungua karatasi. Ya kwanza ina hatua zote tatu kwa kila kipande, na mkia kweli ni wa kitambaa, hata kwenye saizi ndogo. Nikiipunguza ile saizi kubwa kidogo, iwe kati ya hizo mbili, itasaidia?

NyuziArobaini

Punguza kwa tahadhari. Dizaini za aplike zinaumia zaidi kuliko nyingine, kwa sababu upana wa ukingo nao unapungua. Satini ya milimita 4 ukiipeleka asilimia 80 inabaki 3.2. Na kama cherehani yako haihesabu mishono upya, ile nafasi ya 0.4 inakuwa 0.32, mishono inabanana na ukingo unakuwa mgumu kama kamba. Ukiikuza kwa asilimia 20, nafasi inakuwa 0.48 na rangi ya kitambaa inaanza kuchungulia. Mimi huwa sivuki asilimia 10 kwenda juu au chini. Zaidi ya hapo nachukua saizi nyingine iliyochorwa na mchoraji mwenyewe.

TauloNene

Nazungumzia taulo tu, maana ndizo ninazozijua.

Dizaini ya tatu kwenye taulo isahau. Ule mstari mnyoofu utazama katikati ya vijiuzi vya taulo na hautauona tena. Zigizagi iliyoachana nayo vijiuzi vitatokea katikati yake, pambo lionekane lina ndevu. Satini ya milimita 4 ndiyo inayovilaza vijiuzi chini. Chukua saizi ya 130 kwa 180, mkia upate upana.

Usiibane taulo ndani ya fremu. Funga stifu peke yake, taulo ilale juu yake, halafu izungushie mshono mrefu wa kushikiza ambao utaufumua mwisho. Ukishakata kitambaa cha kipande, kabla ya satini kuanza, tandika juu yake stifu nyembamba ya kuyeyuka kwa maji. Satini itapita juu ya hiyo na vijiuzi vitabaki chini. Ziada unaichana kwa mkono, mabaki yanaondoka kwenye maji.

Kipande_na_Kipande

Naona dizaini ya tatu haina mtetezi, basi niitetee mimi. Kwa foronya, hiyo ndiyo ningechukua, na ningeichukua kwa furaha.

Foronya haifuliwi kama taulo. Kitambaa cha pamba ukikipandishia gundi ya karatasi ya kupiga pasi nyuma yake kabla ya kukiweka, nyuzi zinashikana. Kitakachochanuka ni ule ukingo ulio nje ya mshono tu, na unachanuka laini, sawasawa, pambo linapata uhai ambao satini haiwezi kulipatia. Jinzi ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu uzi mweupe wa ndani unatokea pembeni. Weka sindano 90/14 kwa jinzi. Felti haichanuki kabisa, kwa hiyo inabaki safi ilivyokatwa.

Ila usikate karibu sana. Bakiza milimita 2 au 3 nje ya mstari. Ukibakiza nusu milimita kama unavyofanya kwa satini, mshono utachomoka na kipande kitainuka.

FundiKingo

Kwa gundi nakubali inasaidia. Lakini foronya ya chumba cha watoto? Mtoto akianza kuvuta nyuzi kwa kidole, hakuna gundi itakayomzuia. Kama mito ni ya watu wazima, sina neno.

Kipande_na_Kipande

Sawa mkuu, hilo ni kweli. Kwa watoto wanaovuta nyuzi ningetumia felti kwenye dizaini hiyohiyo, hakuna uzi wa kuvuta.

Na kwa fulana kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja: aplike ya kinyume. Kitambaa cha pambo unakiweka chini ya fulana, unashona mstari mnyoofu, halafu unakata tabaka la fulana lililo juu ndani ya mstari ili kitambaa cha chini kionekane. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, ukingo wake hauchanuki kama wa pamba ya kawaida, unajikunja tu kidogo. Pambo linakuwa jepesi. Dizaini ya tatu inaweza kufanya hivyo, mradi umbo liwe moja lisilo na vipande vinavyopandana. Sikio ulishone kwa uzi tu.

BiMdarizi

Hiyo ni nzuri sana kwa fulana. Mkasi tu uwe wenye ncha butu, na tabaka la juu liinuliwe kwa vidole kabla ya kulikata. Ukitoboa la chini hakuna pa kurudi.

UziWaSamawati, umesema unataka seti. Kinachofanya vitu viwe seti ni tembo yuleyule wa umbo lilelile, kitambaa kilekile na uzi wa rangi ileile. Watu hawatagundua kwamba taulo lina satini na foronya ina mstari. Usijilazimishe ukingo mmoja kwenye vitambaa vitatu visivyofanana.

SindanoSita

Jambo dogo kuhusu faili. Chukua faili la aina ya cherehani yako: PES kwa Brother, JEF kwa Janome. DST, ambalo asili yake ni mashine za Tajima, linasomwa na mashine nyingi lakini halibebi rangi. Linajua tu kwamba hapa pabadilike. Rangi zitakazoonekana kwenye kioo zitakuwa za kubuni, na kwenye aplike unaweza kudhani mstari wa kushikiza ndio ukingo. Ukilitumia, iweke ile karatasi ya hatua pembeni.

Pia usishangae dizaini ikikuambia alama ni nyekundu, kushikiza ni kijani, ukingo ni bluu. Rangi hizo zimewekwa tofauti ili cherehani ya sindano moja isimame uweke kitambaa na kukata. Uzi unaweza kuwa uleule mwanzo mpaka mwisho. Sisi wenye sindano nyingi ndio tunaolazimika kuweka amri ya kusimama wenyewe, vinginevyo mashine inahamia sindano inayofuata na kuendelea kushona bila kitambaa.

Na kama utaviuza vitu hivyo, soma masharti ya mchoraji kabla ya kulipa. Wengine wanaruhusu kuuza bidhaa iliyoshonwa, wengine ni kwa matumizi ya nyumbani tu.

UziWaSamawati

Wakuu, mmenifungua macho. Nachukua ya kwanza kwa taulo, saizi kubwa. Ya tatu kwa foronya, pamba yenye gundi, maana mito ni ya watu wazima. Kwa fulana nitajaribu kwanza ya pili kwenye fulana kuukuu, kisha ile ya kinyume kwenye nyingine, nione ipi inakaa vizuri zaidi ikivutwa.

La mwisho: hicho kitambaa cha tembo, nikifue kabla ya kukikata? Ni pamba ya bluu iliyokolea, na taulo ni nyeupe.

TauloNene

Kifue, na taulo nazo zifue. Pamba inarudi ikilowa. Kiraka kikirudi kikiwa kimeshafungwa ndani ya satini, kitaivuta taulo yote na hutaweza kuinyoosha kwa pasi. Halafu hiyo bluu, kabla hujaikaribisha kwenye taulo nyeupe, lowesha kipande chake kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu ya kitambaa cheupe na ukibonyeze. Kikiacha rangi, rudia kukifua mpaka kisiache. Kikiendelea kuacha, kipeleke kwenye foronya, na tembo wa taulo mtafutie bluu nyingine.