Nilirudi kutoka maonyesho ya Nane Nane na kadi 60 za watu, simu yangu hapokei mtu. Nakosea wapi?

MamaAlizeti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie nieleze kwa kirefu kidogo, asije mtu akanijibu "jitangaze mtandaoni" akaondoka zake.

Niko Singida mjini. Nina mashine moja ya kukamua alizeti, huu mwaka wa 3. Usidhani ni kiwanda: ni mashine, chujio, na mabinti wawili wanaofunga chupa. Gunia likijaa vizuri napata dumu la lita 20 pungufu kidogo, na mashudu nawauzia wafugaji. Nembo ya TBS ninayo, nilipitia SIDO wakanipa barua ya utambulisho, kwa hiyo tusianzie huko. Mafuta yanapendwa, na wateja wa rejareja hapa mtaani hawanisumbui. Shida yangu ni kwamba sina watu.

Nikisema watu namaanisha hivi. Msimu wa mavuno mbegu zinashuka bei. Wenzangu wenye watu wanajaza stoo, wengine hata pesa mkononi hawana, ila kuna mtu Dodoma au Dar amewaamini. Mimi nanunua kwa kadiri ya mfuko wangu. Ikifika mwezi wa 11 mashine inalala, na wakati huo mbegu ndiyo haishikiki.

Kwenye semina moja mtoa mada akatuambia tujichanganye, mtu asirudi nyumbani na kadi yake hata moja. Nikachapisha 300. Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, nikazigawa zote, nikakusanya za wenzangu kama 60. Niliporudi nikawatumia wote ujumbe huu:

"Habari. Tulionana Nane Nane. Tunauza mafuta bora ya alizeti, mafuta asilia, mafuta yasiyo na kemikali. Karibu upate mafuta kwa bei ya jumla."

Kumi na mmoja walijibu "sawa". Wawili walitaka kuniuzia vifungashio. Mmoja alinialika kwenye ile biashara ya kuingiza watu chini yako. Ofisa manunuzi wa duka kubwa moja Dar, ambaye tulicheka naye vizuri kabisa bandani, alisema tutawasiliana. Tangu hapo ujumbe wangu anausoma, tiki mbili za bluu, kimya.

Naomba kuuliza: watu wanapatikanaje? Na inawezekana bila unafiki? Maana nikimpigia mtu kumsalimia huku nawaza mafuta, najiona tapeli.

Kiroboto wa Mnadani

Kadi 60 hizo zinatosha kuwashia jiko la mkaa wiki nzima.

MzeeWaStoo

Dada, achana na Kiroboto, ingawa hajakosea sana.

Mimi niko Kariakoo, nauza vyombo vya plastiki na aluminiamu. Niliingia pale mwaka 1998 nikiwa kijana wa kubeba mizigo. Kadi ya biashara sikuwahi kuwa nayo mpaka mwanangu aliponichapishia, na mpaka leo boksi lake liko droo ya chini.

Kariakoo tuna kitu kinaitwa mali kauli. Unachukua mzigo kwa neno tu, unauza, unaleta pesa. Hakuna dhamana, na karatasi yenyewe mara nyingi ni kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu. Watu wa nje wanaona kama muujiza. Hamna muujiza, kuna historia ndefu ya vitu vidogo.

Yangu ilianza hivi. Tajiri mmoja niliyekuwa nambebea mizigo alinipa katoni mbili za vikombe nikajaribu kuuza Mbagala. Ahadi ilikuwa Jumamosi. Katoni moja ikaangushwa kutoka kwenye keria ya daladala, nusu ya vikombe vikavunjika. Ijumaa usiku nilikuwa na nusu ya pesa na akili yote inaniambia nipotee kidogo, wiki mbili hivi, nijipange. Kijana niliyekuwa nalala naye chumba kimoja akaniambia nenda hivyo hivyo. Saa 1 asubuhi nikawa nimekaa kwenye ngazi ya duka, hajafungua. Nikampa ile nusu na vipande vya vikombe kwenye mfuko. Yule mzee hakunipa pole wala hakunifokea. Alihesabu, akaandika, akanipa katoni tatu. Baadaye sana, tumeshazoeana, aliniambia kwamba mwenye pesa kamili anakuja bila kuitwa, hata mwizi akiwa nayo kamili anakuja, kwa kuwa anataka mzigo mwingine. Yeye alikuwa anasubiri kuona nani anakuja nayo pungufu.

Huyo mzee nilimzika 2016. Mimi na wanawe leo tunapeana mzigo bila hata kuulizana bei kwanza.

Sasa rudi kwako. Watu 60 huwezi kuwa nao. Hata 10 ni wengi. Swali langu ni moja: pale Nzuguni ulikaa siku 8. Jirani yako wa banda la kushoto alikuwa nani? Wa kulia je? Uliowagawia kadi mlionana dakika mbili. Hao wawili wamekuona ukichoka, ukidanganya bei au usidanganye, ukirudisha chenji ya mtu aliyesahau. Wanakujua kuliko huyo wa tiki za bluu.

Bi Ukwaju

Mwanangu, nimesoma huo ujumbe wako mara mbili. Neno "mafuta" limo mara nne. Jina la unayemwandikia halimo hata mara moja. Ungekuwa mimi ungejibu?

Kuhusu unafiki, hapo umeuliza la maana na wengi hawaulizi. Mimi niko Tanga, nauza viungo na achari. Utaratibu wangu ni kutenganisha simu. Nikiwa na shida ya biashara, nasema tangu sekunde ya kwanza: "Shoga, leo nimekupigia kibiashara." Mtu anajua, akitaka anakubali, asipotaka anakataa, hakuna aliyeviziwa. Nikipiga kusalimia, nasalimia na kukata. Hata kama kwenye maongezi mwenyewe ameanza kusema anahitaji pilipili manga, namwambia hiyo nitakupigia kesho. Unafiki ni ile salamu ya dakika tano yenye ndoano mwishoni. Watu wameizoea, ukianza tu "umepotea sana" wanashika pochi.

Na jingine: uwe na faida kwa mtu kabla hujamhitaji, tena kwa kitu kisicho chako. Mimi nina dereva wa Fuso mwaminifu anayepeleka mzigo Dar kwa wakati. Namba yake nimewapa wenzangu sita, wengine wanauza bidhaa kama zangu. Mmoja alinicheka eti nampa mshindani silaha. Lakini mwaka juzi mzigo wangu ulipozuiliwa kwa sababu ya kibali, ni mshindani huyo huyo alinitolea gunia mbili nisiaibike kwa mteja.

Ya harusi na misiba nadhani hakuna haja ya kukufundisha, wewe ni mtu wa huku. Ila nimeona vijana siku hizi wanakwenda msibani na fulana ya kampuni. Jamani.

Mtu wa Hesabu

Naomba nipinge kidogo, maana uzi unaelekea kuwa wa mahaba.

Nimefunga hesabu za wafanyabiashara wadogo Morogoro kwa miaka 9. Waliokufa kibiashara kwa kukosa watu ni wachache. Waliokufa kwa sababu ya watu ni wengi: shemeji kachukua dumu kumi, rafiki wa kikundi kaomba alipe mwezi ujao, mwenye duka mnayesali pamoja anaona haya kudaiwa, na wewe unaona haya kudai. Mali kauli ya MzeeWaStoo inafanya kazi Kariakoo kwa sababu duka lako linajulikana lilipo na jina lako likichafuka mtaa wa Kongo, jioni linanuka Msimbazi. Mafuta yakishatoka Singida kwenda Dar, nani atakushuhudia?

Sisemi usijenge uhusiano. Nasema andika. Kiasi, tarehe, nani kapokea, sahihi mbili. Mtu akikwambia "kwani huniamini?" mjibu kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu yako, wewe ni msahaulifu.

MzeeWaStoo

Mtu wa Hesabu, hapo sina ubishi. Kile kipande cha boksi nilichosema, mimi ninavyo gunia zima. Sijatupa hata kimoja.

Mchuuzi wa Kongowea

Niko Mombasa, soko la Kongowea, nauza vyakula vikavu. Dadangu, huyo ofisa manunuzi wa duka kubwa msahau. Si mtu mbaya, ila kwa siku anapigiwa na wauzaji kama wewe mpaka simu inamoto, na mwakani atahamishwa idara na kadi yako ibaki kwa droo ya mwingine.

Kwenye duka kubwa mtu ni yule anayepokea mzigo kwa mlango wa nyuma. Huyo ndiye anayejua kipi kimeisha kwa rafu, kipi kinavuja, nani analeta kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa napeleka njugu kwa duka moja, na kila nikifika nilikuwa nasaidia kupanga maboksi yangu mwenyewe badala ya kuyabwaga na kuondoka. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Siku mletaji wao wa maharagwe aliposhindwa, yule bwana wa mlangoni ndiye aliyesema "kuna jamaa wa njugu, huwa hachelewi".

Chama nacho kinasaidia, nyinyi nadhani mna VICOBA. Lakini ingia chama kwa sababu ya kuweka akiba. Ukiingia kutafuta wateja watu wanakunusa kikao cha pili.

MamaAlizeti

Asanteni sana, nimesoma yote. Bi Ukwaju umenichoma na hayo mafuta manne, nimehesabu kweli ni manne.

MzeeWaStoo, umenifanya nikae nifikiri. Banda la kushoto walikuwa vijana wa vifaranga, hawakutulia. La kulia kulikuwa na mama wa asali kutoka Manyoni. Huyo mama, jamani. Siku ya pili upepo wa Dodoma ulipong'oa turubai langu alikuja na kamba zake akanifungia. Mchana tulikuwa tunakula pamoja. Nikienda msalani anauza mafuta yangu, na pesa anaweka kwenye kikopo bila kupungua hata shilingi. Nilijifunza kwake kwamba anapeleka asali Dar kila mwezi, ana wateja wake wa kudumu kabisa.

Na katika kadi 60, yake haimo. Hatukubadilishana kwa sababu tulikuwa tumekaa pamoja muda wote, sikuona haja. Siku ya kufunga tuliagana haraka, gari yake ilikuwa inasubiri.

Namba ninayo, lakini kwa bahati tu: kuna siku nilimrudishia pesa ya chai kwa simu, muamala bado upo.

Bi Ukwaju

Haya sasa. Umetembea na kadi 300 kumbe mtu alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti chako. Mpigie. Na usianze na wateja wake wa Dar.

Kiroboto wa Mnadani

Naunga mkono Bi. Mimi pia nasubiri mrejesho, uzi huu umekuwa mtamu.

Mtu wa Hesabu

Akikukubalia siku moja kukupakilia dumu kwenye gari lake, lipia nauli yako siku hiyo hiyo. Mengine sina neno.

MamaAlizeti (baada ya siku 5)

Mrejesho.

Nimempigia juzi jioni. Simu ilipokelewa na binti yake. Kumbe mama aliteleza mwezi uliopita akavunjika mguu, ameshafanyiwa upasuaji na yuko kwa huyo binti, Manyoni mjini. Alipopewa simu alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja, akaniita "jirani wa turubai". Tumeongea karibu dakika 40. Habari za mguu, za nyuki, za mjukuu wake aliyefaulu. Mwishoni akauliza mwenyewe alizeti mwaka huu zimekaaje, nikamjibu zimekaa vizuri, nikaishia hapo. Kusema kweli ulimi uliniwasha.

Jumapili napanda basi la asubuhi kwenda kumwona.

Wale 60 nimewaacha, isipokuwa mmoja wa vifungashio ambaye bei yake kweli ni nzuri.

Mchuuzi wa Kongowea

Mpe pole sana huyo mama. Wazee na mifupa si mchezo.

Kiroboto wa Mnadani

Usiende mikono mitupu. Mbebee lita 5 za mafuta basi, tena yako mwenyewe.

MamaAlizeti

Nampelekea kuku. Mafuta ataona kama nimemletea sampuli.